Kikapu cha Nyangate

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtu mkimya hudharauliwa, kumbe moyoni anapiga hesabu zake. Thadeus wa Magwagwa ni shahidi.

Thadeus alikuwa na mdomo usiojua likizo. Alasiri moja alifika kwenye kituo cha majani chai sambamba na Nyangate, mjane mwenye goti bovu. Abner, karani wa mizani, akawaambia lori la kiwanda lilikuwa na nafasi ya kikapu kimoja tu. Wa pili angelazimika kupanda mlima hadi kituo kingine, na majani yakinyauka hayapokelewi.

"Tucheze poka, mama," Thadeus akasema. Mchezo huo aliupata akifanya kazi hotelini mjini Kisii, na karata hazikumtoka mfukoni.

"Kanisani tunakatazwa kamari, mwanangu."

"Hakuna pesa hapa. Ni nafasi tu."

Akamweleza mpaka povu likamtoka. Kila mmoja hupata karata tano. Mbili zinazofanana hushinda zisizofanana, na tatu hushinda mbili. Mbovu hubadilishwa mara moja tu. Asiyebadilisha, jua amejaliwa. Kisha unaweza kuongeza dau, na mwenzako aweke lililo sawa au ajitoe.

Abner akagawa. Thadeus alipata wafalme wawili, akabadilisha tatu zilizobaki asipate cha maana, ila majigambo hayakupungua. Nyangate alizitazama zake mara moja, akazifunika.

"Mimi hizi zinanitosha."

Thadeus akakumbuka maneno yake mwenyewe: asiyebadilisha amejaliwa.

"Bono, sasa, naongeza kikapu changu," mama akasema, akikisukuma mbele. "Ukitaka kuziona, weka chako."

Thadeus alitafuta hofu usoni mwake asiione. Uso ule ulitulia kama maji ya mtungini. Afadhali kukosa nafasi kuliko kupoteza jasho la siku nzima.

"Najitoa," akanong'ona.

Nyangate akazifunua. Hazikufanana hata mbili. Thadeus akapigwa na bumbuwazi. Hotelini hakuwahi kuona maajabu kama hayo.

"Mama, ulithubutuje, na mkononi huna kitu?"

"Goti hili lingenifikisha mlimani? Ningekosa nafasi, majani yangu yangenyauka hapa hapa. Mwenye cha kupoteza ulikuwa wewe."

Thadeus akamtazama kwa heshima mpya. Akambebea kikapu hadi kwenye mizani, kisha akajitwika chake na kuukabili mlima, kwa mara ya kwanza bila neno. Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.