Maua ya Mzee Kiangi

Kisichobeba hubebwa. Asubuhi ya leo mlimsikia Mzee Kiangi akisema hivyo kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja, mlipompelekea kiti akae kivulini huku sisi tukizibua mfereji. Mkacheka, mkadhani ni maneno ya uzee tu. Sasa mnaniuliza yametoka wapi. Hayakutoka kwa mababu. Yalizaliwa hapa hapa kijijini, na wa kwanza kuyasema ni yeye mwenyewe. Ilikuwa hivi.

Mnajua maji yetu hutoka kwenye ndiva, lile bwawa la juu, na kila shamba lina zamu yake. Zamani zamu zilitangazwa kwa mbiu, lakini mbiu haikufika bondeni. Na maji hayamsubiri mtu: usipokuwepo yakifunguliwa, yanapita kwenda kwa mwenzako. Kijiji kikaamua kiwe na tovuti, zamu ziandikwe humo, kila mtu azisome kwenye simu yake. Kazi hiyo akapewa Nakundwa, binti aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya kusomea kompyuta.

Tovuti ilipoanza ilikuwa nyepesi na ilifanya kazi yake. Kisha tukaingiwa na hamu ya kuipamba. Vipo vijiprogramu vya kupachika kwenye tovuti ili ifanye jambo jipya. Sisi tuliviita viongezo. Kamati, kwa kuogopa manung'uniko, ikasema kila kitongoji kichague kiongezo chake. Tukavigawana kama nyama ya sherehe, asikose mtu. Kimoja kikachagua ngoma inayojipiga yenyewe, kingine picha za harusi zinazopishana. Mzee Kiangi, aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji cha juu, akachagua maua yanayodondoka kutoka juu ya ukurasa hadi chini. Aliyaonea fahari utadhani aliyapanda kwa mkono wake. Nakundwa naye hakubaki nyuma. Akaweka cha kumwamkia kila mgeni kwa Kipare.

Aliyeumia ni Bi Naetwe, mjane wa bondeni kabisa, ambako mtandao huja kwa kuombewa. Tangawizi ndiyo iliyomlisha mwaka mzima. Alifungua ukurasa wa zamu, ukazunguka, ukazunguka, maji yakapita. Zamu iliyofuata ikawa vile vile. Majani yakaanza kukauka ncha. Akikosa maji tena, hana shamba.

Nakundwa alikwenda kulitazama shamba lile, akarudi amekunja uso. Akaiambia kamati viongezo vimeulemea ukurasa, viondolewe. Pakawaka moto.

"Ukigusa chetu, umetugusa sisi," alisema Mzee Kiangi.

Nakundwa angeweza kuviondoa kimya kimya, maana funguo za tovuti alikuwa nazo yeye. Hakutaka. Alitaka tuone kwa macho yetu, na hakuchoka kutuzungukia nyumba kwa nyumba hadi tukakubali kikao kifanyike shambani kwa Bi Naetwe. Tulipofika akatuomba kila mmoja afungue ukurasa wa zamu.

Tukasubiri. Bi Naetwe akatuletea chai, tukanywa, tukamaliza. Kwenye simu ya Mzee Kiangi likatokea ua moja, likadondoka polepole kwenye ukurasa mtupu. Likafuata la pili.

"Mzee," Nakundwa akamwuliza kwa heshima, "mtu akija msaragambo mikono mitupu, tunamwambiaje?"

"Tunamwuliza amekuja kubeba nini."

"Basi na hivi tuviulize. Naanza na changu. Bi Naetwe, salamu yangu inakubebea nini?"

Bi Naetwe akatabasamu. "Mwanangu, nasikia ni salamu nzuri. Mimi sijapata kuiona."

"Basi inaondoka," akasema Nakundwa.

Mzee Kiangi aliitazama tena simu yake. Maua yalikuwa yakidondoka, na zamu haijaonekana. Tulijua anaona aibu, na hakuna aliyemcheka.

"Kumbe nilidhani maua yangu yanaibeba tovuti," akasema. "Yenyewe ndiyo yanabebwa." Akairudisha simu mfukoni. "Kisichobeba hubebwa. Viondoe, binti. Anza na maua yangu."

Vikabaki vitatu: kalenda ya zamu, kinachozuia wezi wa mtandaoni, na kinachouhifadhi ukurasa ndani ya simu, ukishafunguka mara moja, ili usomeke hata mtandao ukikatika. Hicho cha mwisho hakina chochote cha kutazama, lakini kilibeba kuliko vyote. Zamu iliyofuata, Bi Naetwe aliyatangulia maji mferejini. Nilikuwepo alipochimba tangawizi ile, akicheka na kulia kwa pamoja, nami nikalia naye.

Sasa mnajua kwa nini leo kiti chenu kilikataliwa. Magoti ya Mzee Kiangi hayawezi tena jembe. Lakini mlimwona: aliinua ndoo ya uji, akawapitia wachimbaji mmoja mmoja na kata mkononi, akawarudishia kiti chenu kitupu na kuwaambia: kisichobeba hubebwa.