Jiwe Lenye Ukingo Mtupu

Sogeeni, na mnaotafuna tafuneni polepole, maana hadithi hii hunitoa jasho mimi mwenyewe kila nikiisimulia.

Zamani huko Ayalandi walikuwako ndugu watatu yatima. Ronani alikuwa na nguvu za fahali. Dervla alikuwa haoni, lakini vidole vyake havikudanganyika. Sorka, kitinda mimba, hakusahau neno alilolisikia.

Siku moja jirani akadai shamba lao ni lake. Hakimu akasema, "Leteni jiwe lenye jina la babu wa ukoo wenu. Mkilikosa, hameni." Enzi hizo jina liliandikwa kwa kukata mikato kwenye ukingo wa jiwe, likasomwa kutoka chini kwenda juu.

Wakatafuta shamba zima, wapi! Basi Dervla akaingia ghala la siagi, akapapasa mwimo wa mlango, akapiga ukelele. "Jamani! Ndilo hili! Tumelinolea visu maisha yetu yote!"

Ronani akaling'oa. Paa likaporomoka, likamsaga mkono wa kulia. Damu, jamani! Lakini jiwe hakuliachia.

Kwa hakimu, jirani akacheka. "Hiyo ni mikwaruzo ya visu tu." Dervla akapitisha vidole. "Huu wa kisu. Huu wa patasi. Huu wa patasi." Akafika juu, akalitamka jina. Jirani akanywea.

"Na nani ataapa kuwa huyo ni babu yenu?" hakimu akauliza. Naye, nyie, alikuwa akimkata ulimi aliyekosea! Sorka akasimama, akataja baba, babu, baba wa babu, hadi jina la jiweni. Hakuruka hata mmoja.

Hakimu akaamua: "Shamba ni lenu. Ila ukingo wa pili ni mtupu. Chongeni jina la mmoja wenu, na shamba litarithiwa na uzao wake peke yake."

Furaha ikakatika hapo hapo.

"Nitalima kwa mkono gani sasa?" Ronani akalia.

"Kaka, bila mimi ungekuwa bado unalinolea visu," Dervla akasema.

"Nami dada yenu mdogo, ulimi wangu je?" Sorka akauliza.

Jiwe hilo sasa limo kwenye jumba la makumbusho. Nililiona, nikapigwa na butwaa. Ukingo wa pili bado mtupu! Walizeeka wakibishana, wakafa.

Haya, shika patasi. Wewe ungechonga jina la nani?