Uzee Sio Ugonjwa

Kwanza kilisikika kikohozi. Kilitoka mbali, upande wa reli, kikavu na kirefu kama msumeno unaopita katika mti mgumu. Kikakatika, kisha kikaanza tena karibu zaidi. Ndani ya ukumbi wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi, pale Kolwezi, watu waliojaa kwenye mabenchi wakanyamaza. Hakuna aliyehitaji kuchungulia mlangoni ili ajue ni nani anayekuja.

"Gharama imefika," Kazadi alinong'ona, na benchi zima la vijana likaangua kicheko.

Aliyeingia alikuwa Tata Tshimanga, mwenyekiti wa Chama cha Kuuguzana. Alikuja kutoka Kasai akiwa kijana asiye na ndevu, akatandika reli ya kutoka Tenke kwenda Dilolo, kisha akachimba shaba miaka ishirini na mitatu. Shaba ikaenda zake ng'ambo, vumbi lake likabaki kifuani mwake. Alipochoka, Kampuni ilimpa mkono wa kwaheri na kuchukua vitu viwili: nyumba ya kambini na kadi ya hospitali, maana vyote viwili vilikuwa mali ya kazi, si mali ya mtu. Yeye na mkewe, Mama Adolphine, wakahamia mtaa wa ng'ambo ya reli, walikoishi wastaafu wote.

Ndiyo sababu chama kilizaliwa. Kila mfanyakazi alitoa kidogo siku ya mshahara, na kutoka katika mfuko huo wastaafu walinunuliwa dawa kwenye zahanati ya misheni. Mwanzoni chama kilikwenda vizuri, kwa kuwa wastaafu walikuwa wanne tu. Lakini watu waliokuja pamoja kwa treni moja huzeeka pamoja, kama mahindi ya shamba moja. Kufikia mwaka ule wa 1957 wazee walikuwa thelathini na wanane, na wachangaji hawakufika tisini. Mfuko ulikuwa umekonda kama ng'ombe wa kiangazi.

Kazadi alisimama. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwendesha mashine ya kutoboa mwamba, mabega mapana na ulimi mkali kama wembe mpya. Alisema hana chuki na mtu, ana hesabu tu. Miaka mitatu alikuwa amechanga bila kumeza hata kidonge kimoja cha chama. Wazee wataongezeka mwaka kwa mwaka. Je, vijana nao watazidi kukamuliwa mpaka lini? Tena si wote waliokuwa wagonjwa kweli. Muzee Ngoy alidungwa sindano za nguvu kila mwezi kwa fedha za chama, na kila Jumamosi alionekana akicheza ngoma mpaka jua linazama.

Watu walicheka, na Muzee Ngoy mwenyewe akacheka, akasema basi sindano zinafanya kazi yake.

Kazadi hakuishia hapo. Alikuwa mwepesi wa kutunga, na alijua kwamba neno lenye vina huingia masikioni bila kubisha hodi. Akaimba:

"Uzee sio ugonjwa, wazee acheni deko;
Mfuko ni jasho letu, si kisima cha mateko."

Vijana waliudaka wimbo ule kama watu waliousubiri siku nyingi. Waliupiga kwa viganja juu ya mabenchi. Tata Tshimanga aliwangoja wamalize.

"Wimbo ni mutamu," alisema taratibu. "Mungeningojea nikohoe kwanza, mi ningeitikia."

Jumapili hiyohiyo vijana hamsini na wawili walijitoa, wakaanzisha chama chao, wakakiita Chama cha Nguvu. Sharti lake lilikuwa moja: asiingie mtu aliyepita miaka thelathini na mitano. Louis, karani wa ghala, akawa mweka hazina. Kwa kuwa vijana hawaugui mara kwa mara, mfuko wao ulinenepa upesi, nao walijipongeza kwa bia. Ng'ambo ya reli, mfuko wa wazee ulikatika kabla mvua hazijaanza. Hilo kambini halikusikika. Kikohozi kinasikika mbali, lakini si kila mtu hugeuza kichwa.

Mvua za kwanza zilipokuja, zilileta homa ya matumbo. Bilonda, mke wa Kazadi na mama wa mtoto mchanga, alianza kwa kuumwa kichwa. Siku ya tano hakuweza kusimama. Hospitali ya kambi ilimpokea bila malipo, kwa kuwa mumewe alikuwa na kazi, na sista aliyesimamia wodi alimweleza Kazadi jambo lote waziwazi. Alisema dawa ipo, lakini dawa ni nusu ya uponyaji. Mgonjwa wa homa hii lazima anyweshwe maji yaliyochemshwa kijiko kwa kijiko, apewe uji mwepesi sana, ageuzwe, apanguswe, azuiwe asile kitu kigumu hata akilia njaa. Wauguzi wawili walikuwa na vitanda arobaini. Kwa hiyo kila mgonjwa alitakiwa kuwa na mlinzi wake, mtu wa kukaa naye.

Hapo ndipo Kazadi alipogundua jambo ambalo halikuandikwa katika kanuni za Chama cha Nguvu. Kasai, nyumbani kwao, mlinzi hatafutwi. Mama mzazi, shangazi au nyanya hufika kabla ya kuitwa. Lakini mama yake Kazadi na mama yake Bilonda walikuwa huko Kasai, safari ya siku nyingi. Yeye mwenyewe alikaa kando ya kitanda siku mbili. Jioni ya siku ya pili kapita wake, msimamizi wa zamu, alimfuata na kumwambia bila ukali kwamba siku ya tatu ataandikwa mtoro. Mtoro hufutwa kazi, aliyefutwa kazi hutoka kambini, na mke wa mtu asiye na kazi hutolewa kitandani. Akikaa na mkewe, atampotezea kitanda. Akienda kazini, atamwacha peke yake na kijiko kikavu.

Alimkimbilia Louis. Louis alifungua sanduku la chama kwa moyo mweupe.

"Kaka, sema kiasi. Fedha iko."

"Nataka mtu, Louis. Mtu wa kukaa."

Louis alikuna kichwa. Yeye alikuwa kazini mchana kutwa. Wanachama wote hamsini na wawili walikuwa kazini mchana kutwa, ndiyo sababu walikuwa na fedha. Kazadi alichukua noti, akazunguka nazo kambini nyumba kwa nyumba. Mke wa huyu alikuwa na mtoto wa kunyonya, akaiogopa homa. Mke wa yule alikuwa mjamzito wa miezi minane. Wa tatu alikubali, akaenda, akakaa saa moja, akaona ugonjwa ule ulivyo, akarudisha noti. Kazadi alisimama njiani huku noti zikilowa jasho mkononi mwake. Alikuwa kama mtu mwenye kiu aliyeokota dhahabu.

Basi akavuka reli.

Alimkuta Mama Adolphine akitwanga mihogo uani. Alikuwa ametunga maneno mazuri njiani, lakini yote yalimtoroka. Alinyoosha noti mbele yake kama mtoto aliyetumwa dukani.

Mama Adolphine, aliyekwisha kusikia habari za Bilonda, hakuzitazama. "Nani anakaa naye sasa hivi?" aliuliza.

"Hakuna mutu, Mama."

"Hakuna mutu, na weye uko hapa unanionyesha makaratasi?"

Alisimamisha mchi ndani ya kinu, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka. Kazadi alimfuata nyuma akiwa na aibu iliyomfunika kama ukungu wa Juni. Walipokwisha kuvuka reli, alijikaza kusema kwamba anaomba radhi kwa ajili ya wimbo ule. Mama Adolphine hakupunguza mwendo.

"Uzee haiko bugonjwa, mwana," alijibu. "Ulisema kweli. Ndiyo maana miguu yangu inatembea."

Ulikuwa mzaha, lakini Kazadi aliona heri angepigwa kofi.

Mama Adolphine alikaa na Bilonda siku kumi na saba. Asubuhi alikuwa yeye. Mchana alikuja Mama Ngalula, mjane wa mchimbaji, mwanamke mwenye mikono mikubwa aliyemgeuza mgonjwa kama anayegeuza mkate. Jioni Kazadi alipotoka kazini alipokea zamu. Mtoto wa Bilonda, mwenye miezi saba, alilelewa ng'ambo ya reli, wakimpokezana mabibi watatu ambao hawakuwa na damu naye hata tone. Siku ya kumi Bilonda aliweweseka, akamwita mama yake. Mama Adolphine aliitika, "Niko hapa," akaendelea kuitika hivyo kila alipoitwa, mpaka homa ikashuka.

Siku ya kumi na mbili zamu ya Kazadi iliisha mapema kwa sababu mashine iliharibika. Akapitia nyuma ya hospitali, mahali ambapo walinzi wa wagonjwa hupika. Moshi ulikuwa mzito, kuni zilikuwa zimelowa mvua. Katikati ya moshi alimwona mtu amechuchumaa mbele ya mafiga, akipuliza moto, anakohoa, anapuliza tena. Alikuwa Tata Tshimanga. Kila siku, tangu mwanzo, ni yeye aliyekuwa akichemsha maji ya Bilonda.

Kazadi alimshika mkono, akamwondoa kwenye moshi. Kifua cha mzee kililia kama mlango wenye kutu. Kazadi alimwuliza kwa nini hakunywa dawa yake.

"Dawa ilikwisha mwezi wa nane," mzee alijibu. "Mufuko ulikufa."

"Na hukutuambia?"

"Ningesema kwa nani? Kwa wimbo?"

Kazadi alichuchumaa mahali pale pa mzee, akapuliza moto mwenyewe. Machozi yalimtoka, na aliushukuru moshi kwa kumpa kisingizio.

Bilonda alipona. Alitoka hospitali amekonda, nywele zimepukutika, lakini akitembea kwa miguu yake. Jumapili iliyofuata Kazadi aliomba vyama vyote viwili vikutane ukumbini. Alisimama mbele ya wote na kusimulia mambo yote, hata habari ya noti zilizolowa jasho. Hakutumia vina. Kisha akaomba vyama viungane.

Louis alipinga, na hakupinga kwa ubaya. Alisema habari ya Bilonda imemgusa, lakini hesabu haikubadilika: wazee watafika hamsini, watafika mia. Moyo mwema haujazi sanduku. Wengi walitikisa vichwa kukubali, maana maneno yake yalikuwa kweli.

Tata Tshimanga alisema Louis hakukosea. Wazee wenyewe walikosa, kwa kuwa walikaa kama wageni wanaongoja kuandaliwa. Walikuwa wakipokea dawa, na hakuna aliyewauliza wana nini cha kutoa, nao hawakusema. Kuanzia sasa, alisema, kila mzee mwenye miguu atakuwa na zamu yake ya kulinda wagonjwa wa kambi na kulea watoto wao, na kila mwenye shamba ataleta unga wa uji wa wagonjwa. Asiyeweza kabisa atauguzwa bila kuulizwa neno. Dawa za kifua, za macho na za moyo zitanunuliwa kwanza. Sindano za nguvu zitafutwa.

Muzee Ngoy alinung'unika kwamba sasa atacheza ngoma kwa nguvu za nani. Mama Ngalula akamjibu kwamba atacheza kwa nguvu zake mwenyewe, na watazijua kwa jasho lake, na ukumbi mzima ukacheka, wazee na vijana kwa kicheko kimoja. Louis aliuliza vijana nao watatoa nini. Kazadi akasema kila kijana atachanga tangu mshahara wake wa kwanza, asingoje mpaka augue, kwa kuwa akiba ya mgonjwa hujazwa na mzima. Walibishana mpaka alasiri kuhusu kiasi, wakapunguza hapa, wakaongeza pale. Mwishowe mikono iliinuliwa. Michache ilibaki chini, lakini wa Louis ulikuwa juu.

Watu walipoanza kuinuka, Tata Tshimanga alimwita Kazadi mbele. Alitulia kwanza, pumzi zimrudie.

"Mwana, mi nitakufa, hiyo haina shida. Weye utazeeka. Siku moja batoto ba leo batasimama hapa na hesabu yao, na itakuwa hesabu ya kweli kama yako. Utabaambia nini?"

Kazadi aliushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Tata, nakuahidi mbele ya watu hawa. Nitachanga mpaka siku ya mwisho ya kazi yangu, na nikichoka nitakaa na wagonjwa wao. Na wakija na hesabu yao sitawatukana. Nitawapeleka nyuma ya hospitali, nitawaonyesha mahali ulipochemsha maji ya mke wangu, na nitawaambia kwa mdomo huu uliokucheka: figa moja haliinjiki chungu."