Muhuri wa Sultani kwenye Betri

Hapo zamani, tochi zilipokuwa ngeni mjini, palikuwa na Sultani Mwinyihaji, tumbo mbele akili nyuma, naye ndiye peke yake aliyeuza betri. Kila betri aliipiga muhuri wake, mwingine asije akauza. Basi zikiisha nguvu watu wakazitupa bondeni, zikavuja maji meusi, ikawa kisima cha Kitwana Chembe, mkulima wa bondeni hapo, kinanuka kutu, na mchicha wake, ndio uliomlisha, ukanyauka wote.

Kitwana, asiye na kanzu ya pili, akaenda kushtaki.

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. "Mimi nauza mwanga, ewe Kitwana. Uchafu ni wenu. Ila kwa kuwa umenichokoza, kabla ya Ijumaa bonde liwe safi. Usizizike, usizichome, usizitupe baharini. Ukishindwa, shamba lako nalichukua."

"Nimesikia, maulana," akasema Kitwana, akaenda zake akiwaza, kwani bila kishamba kile angekula nini, vumbi?

Sasa, mji ule ulikuwa na ada yake: chenye muhuri wa Sultani kikiokotwa, kiwe mbuzi, kiwe kijiko, lazima kirudishwe kwake. Akiachaye huchapwa, akirudishaye haondoki hajalishwa.

Kitwana akapita mitaani akisema, "Jamani, bondeni kumejaa mali ya Sultani. Mnangoja bakora?"

Alhamisi asubuhi mji mzima ukamiminika jumbani na vikapu na mabeseni. Betri zikajaa ukumbini, zikavujia mazulia, na wapishi wakapika hata kuni zikaisha.

"Kitwana, balaa gani hili?" akauliza Sultani, joho kalikunja magotini.

"Maulana, hatukuzika wala hatukuchoma. Tumekurudishia kilichopotea."

"Ziondoe. Si zangu."

"Haya. Basi tamka mbele ya watu kwamba muhuri huu si wako, nasi kesho kila mtu auze betri zake."

Sultani akamtazama Waziri, Waziri akatazama dari, mnafiki yule, mashavu yamejaa pilau.

Ikawa tangu siku ile betri mpya haiuzwi ila ya zamani imepokewa, na ghala la kuzihifadhi Sultani akalijenga kwa mali yake. Kitwana akarudi kukomba kisima chake, ndoo baada ya ndoo. Hekaya ilipomwacha Sultani, yungali kitini, viatu mkononi, akitafuta pa kukanyaga kati ya betri.