Kamba ya Bi Mize

"Kumbi la pupa halitoi kamba." Mmeisikia, mmecheka, sasa mwataka kujua ilikotoka. Basi chanzo chake ni hiki.

Marehemu Vuai alikuwa nanga ya kijiji chetu: katika mashindano ya kuvuta kamba, yeye ndiye aliyekaa mwisho. Mwaka mmoja ngiri ikamtoka kinenani, akapasuliwa. Daktari akamwambia, "Tembea utakavyo. Kunyanyua na kujikaza, ngoja mpaka nikuruhusu."

Siku ya mashindano ikafika kabla ya ruhusa. Kovu lilikwishafunga, maumivu hayasikii tena. Ngoma zilipolia, damu ikamchemka. Upande wa pili Pandu, nanga wa wapinzani, akapaza sauti:

"Vuai! Unakuja, au tukuletee bakora ya kuegemea?"

Vuai akakaza fundo la msuli wake kiunoni, akaishika kamba. Uwanja ukalipuka kwa vifijo!

Ndipo mkewe, Bi Mize, msokotaji kamba, akawapenya watu na kumbi la nazi mkononi, linachuruzika tope. Makumbi hufukiwa ufukweni miezi mingi ndipo yatoe nyuzi. Hili alilifukua shimoni asubuhi ileile, kabla ya wakati wake.

"Liguse. Limelainika?"

"Limelainika."

Akaliponda kwa jiwe, akasokota ugwe, akampa. "Haya vuta, bwana we."

Vuai akavuta. Tap! Ukakatika. Watu wakaangua kicheko.

"Nje tayari, ndani bado," Bi Mize akasema, na yeye hakucheka. "Na wewe ni ngozi tu iliyofunga. Humo ndani kukichanika tena, mume wangu, mimi sina uzi wa kukushonea."

Vuai akamtazama. Mikono ikamwasha kwa hamu, lakini akaiachia kamba. Siku hiyo tulivutwa kama jarife la wavuvi, tukazomewa mwaka mzima.

Vuai akatembea kila alfajiri. Alipopata ruhusa akaanza na nusu ndoo, kisha nzima, kisha jembe. Mashindano yakarudi, na kamba ilikuwa mpya: Bi Mize aliisokota kwa makumbi yaliyobaki katika shimo lilelile. Vuai akachimba visigino. Kamba ikalia, isikatike! Wenzake Pandu wakaiachia, naye akaja mbio bila kupenda, akaanguka kifudifudi mbele ya Vuai.

"Karibu, Pandu," Vuai akasema, akihema. "Nikupe bakora?"

Uwanja mzima ukambeba Bi Mize juujuu, ukiimba hadi sauti zikakauka: Kumbi la pupa halitoi kamba!