Kope ya Gati

Lori lilirudi kinyumenyume kati ya marundo mawili ya mawe, likapita kama uzi kwenye tundu la sindano. Vijana wa ule mgodi mdogo wa Buhemba wakapiga miluzi. Gati akashuka, meno yote nje. Hakuna mwanamke aliyewahi kuendesha lori pale, na yeye alikuwa amebakiza hatua moja tu aipate kazi aliyoiota tangu utotoni. Hatua yenyewe ilikuwa kipimo cha macho.

"Funika jicho la kushoto. Soma mstari wa chini," alisema mzee Hezron, msimamizi wa magari.

Gati alijaribu. Kope ya juu ya jicho la kulia ilikuwa na uvimbe, mgumu kama punje ya hindi. Haukuuma, ila ulilielemea jicho. Herufi zikamzunguka kama dagaa walioona taa.

"Binti, usukani unaujua. Jicho ndilo limekuangusha," mzee Hezron alisema kwa huruma. "Nakupa wiki nne. Usiposoma mstari huu, nafasi namkabidhi Fredy, anayekufuata kwenye orodha."

Aliporudi nyumbani Nyasura, pale Bunda, jirani yake Samia, muuza vipodozi, alimpokea kwa utani.

"Chokea hiyo! Umemchungulia nani bafuni?"

"Nimekuchungulia wewe, na sikuona cha maana!"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Lakini moyoni mwa Gati maji yalikuwa yamefika shingoni.

Kesho yake tabibu Boniphace aliigeuza kope na kuichunguza. "Hii si chokea. Ndani ya kope mna vitundu vidogo vya mafuta yanayolainisha jicho. Kimoja kimeziba, mafuta yameganda ndani. Chukua kitambaa safi, maji ya moto yasiyounguza, ukande dakika kumi, mara nne kwa siku. Kisha sugua taratibu kuelekea ukingo wa kope. Wanja weka kando. Na usiminye!"

"Hakuna sindano, daktari? Nina wiki nne tu!"

"Kwa sasa dawa ni kukanda. Uvimbe ukigoma kabisa, ndipo tutafikiria kuupasua."

Gati akapiga moyo konde, akaanza. Alikanda alfajiri, akakanda mchana, akakanda jioni, akakanda kabla ya kulala. Siku ya tano hakuona kitu. Siku ya kumi na mbili alipojitazama kwenye kioo, punje ilikuwa ile ile, imekaa kitako kama mgeni asiyeaga.

Ndipo Samia akaingia na sindano aliyoipitisha kwenye moto. "Shoga, unajichosha bure. Mimi huwaga natumbua chunusi za watu, mara moja tu kwisha! Kaa hapa."

Gati akakaa. Akafumba macho.

Mama yake, Gaudensia, alikuwa uani akipima samli ya kuuza. Alipochungulia ndani aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Wee Gati! Samli ikiganda kwenye shingo ya kibuyu, huwaga unachokonoa kwa msumari?"

"Hapana, mama. Nakiweka karibu na jiko."

"Dakika moja tu?"

"Mpaka ilainike."

"Sasa hicho kibuyu unachotaka kukitoboa ni jicho lako! Nawe Samia, mwanangu, sindano hiyo kashonee gauni."

Samia akaangua kicheko, akaificha sindano na kwenda kubandika maji. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akipaza sauti kutoka dukani kwake, wateja wakishangaa: "Gati! Kitambaa!"

Siku ya kumi na saba, akisugua, Gati alihisi kitu kimelegea. Akakimbilia kioo. Kitone cheupe, kizito kama mafuta ya baridi, kilikuwa kimechungulia kwenye ukingo wa kope! Alipiga kigelegele hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Hakupumzika. Alikanda tena na tena, punje ya hindi ikawa ya mtama, ya mtama ikawa ya ulezi.

Wiki ya nne ilipotimia, alisimama tena Buhemba. Karatasi ya herufi ilikuwa mpya, hata kukariri kusingemsaidia. Fredy alikaa kwenye benchi akisubiri, leseni mkononi. Gati akafunika jicho la kushoto. Herufi zilikuwa zimesimama wima! Akasoma mstari wa chini bila kukosea, kisha kwa furaha akasoma na yale maandishi madogo ya kiwanda kilichochapisha karatasi.

"Inatosha, inatosha! Utasoma na ukuta?" Mzee Hezron alicheka, akamrushia funguo. Fredy mwenyewe alisimama akapiga makofi, na Gati akalikwea lori akipiga honi hadi bonde lote likaitikia.

Hakuna siku hata moja ambayo kitambaa kile cha moto kilionekana kufanya jambo kubwa, lakini kazi ilikwisha, maana bandu bandu huisha gogo.