Hukumu Aliyopewa Zerrin Saluni

Kabla hujaibonyeza hii kumtumia mwenzako, isome mpaka chini. Na kama uko saluni unasubiri zamu yako huku macho yako yako kwenye runinga, basi wewe ndiye niliyekukusudia hasa.

Muheza, mtaa wa nyuma ya soko la machungwa, palikuwa na msusi akiitwa Sikudhani. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mdomo wake mwepesi zaidi. Saluni yake ilikuwa na viti vitatu, benchi moja na runinga ukutani, na wateja hawakuja kusuka tu. Walikuja kusikia Sikudhani anasemaje kuhusu tamthilia.

Siku hizo wanawake wote wa mtaa walikuwa wameshikwa na Kasri la Zerrin, tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili, inayoonyeshwa saa moja jioni. Zerrin ni mke mpole, na mumewe Kadir ni tajiri mwenye wivu. Basi kila asubuhi kesi inafunguliwa pale saluni: Zerrin kakosea, Zerrin hajakosea, mama mkwe ndiye mchawi. Watabishana weee, mwisho Sikudhani anatoa hukumu, na akishatoa hakuna rufaa. Ndiyo maana wakamwita Hakimu. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Alikuwa na kilema kimoja tu. Hakuwahi kukiri kwamba kuna sehemu hajaiona. Hakimu asiyeijua kesi ni hakimu gani? Akiikosa, husikiliza kidogo wenzake wanasema nini, kisha anadakia, "Hata mimi niliona pale!" Na hakuna aliyewahi kumshika.

Alhamisi moja jioni Sikudhani hakukaa mbele ya runinga. Alikuwa kwa watu, akimsuka bibi harusi.

Kesho yake asubuhi akaingia Hidaya, mke wa Bwana Mhina. Bwana Mhina ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mji mzima unamjua: mtu wa salamu, mtu wa pole, hakosi msiba wa mtu. Wanawake walikuwa wakimwambia Hidaya, "Shoga, wewe ulizaliwa na bahati."

Hidaya alikaa kwenye kiti akasema kwa sauti ndogo, "Nisuke mistari ya twende kilioni tu, dada. Usibane sana."

"Mke wa Bwana Mhina na twende kilioni!" akasema Mwantumu, muuza mitumba, aliyekuwa benchini akisubiri zamu yake. "Rasta zimeisha dukani au?"

Sikudhani akacheka, akachukua chanuo, akaanza kugawa nywele. Nyuma ya sikio la kushoto akakuta upara, mdogo kama kifuniko cha soda.

"He! Hizi zimekuwaje?"

"Dawa iliniunguza, dada."

Sikudhani alikuwa na miaka kumi na minane kwenye vichwa vya watu. Alijua kwamba nywele zilizokatwa na dawa huacha vishina, ukipitisha kidole vinachoma. Hapa palikuwa laini kabisa. Nywele hizi ziling'olewa. Vidole vyake vikasita, na swali likamfika mdomoni. Lakini Hidaya akasema neno moja lililomsahaulisha yote. Alisema, "Jana mlimwona Zerrin?"

Saluni nzima ikageuka.

"Pale Kadir alipofunga mlango," Hidaya akaendelea, akitazama magoti yake. "Alimkaba kwa mtandio wake mwenyewe mpaka akazimia. Asubuhi akamletea chai na maandazi kitandani, akamwambia Jumamosi twende shamba, mimi na wewe tu. Zerrin akajua akienda harudi." Akainua macho. "Sasa nyie mnaonaje? Afanyeje? Akimbie? Na akikimbia aende wapi, wakati ndugu zake wote wanakula kwa mkono wa mumewe?"

Macho yote yakamwendea Hakimu. Hiyo sehemu Sikudhani hakuiona hata nusu. Lakini angesemaje mbele ya watu wote wale?

"Niliiona yote," akasema. "Mwanzo mpaka mwisho."

"Hata mimi!" akadakia Mwantumu. "Nililia mie jana!"

"Basi sikilizeni." Sikudhani akaweka mkono kiunoni. "Zerrin asikimbie popote. Mwanaume akikuonea wivu ujue unapendwa. Ile ni hasira, na hasira zina mwisho, kwani chai si kamletea? Aende huko shamba, avae vizuri, ampikie, mume atalainika. Mvumilivu hula mbivu. Kesi imefungwa."

Wakapiga makofi, wakagongeana mikono.

Kwenye kona alikuwa ameketi Bi Mwanahamisi, mwanamke wa makamo anayepita na ndoo ya bagia. Huyu hakuwa na runinga kwake, na pale saluni ndiye alikuwa kichekesho chao, maana kila anachokiona kwenye kioo cha runinga kwake ni kweli. Msoma habari akisema "habari za jioni," Bi Mwanahamisi anaitikia, "Njema, baba." Siku moja alimlilia mtoto yatima wa kwenye tamthilia, akauliza nani atampelekea uji. Walimcheka mwezi mzima.

Sasa akainuka, akapita mbele ya runinga bila kuitazama, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa Hidaya.

"Mimi sijaiona, mwanangu," akasema. "Huyo mwanamke anakaa wapi?"

Lo! Kicheko kilicholipuka pale kilisikika mpaka sokoni. Mwantumu alishika mbavu. "Anakaa Uturuki, Bi Mwanahamisi! Utampelekea bagia kwa miguu?"

"Mwacheni mama wa watu," akasema Sikudhani, naye anafuta machozi ya kucheka.

Wawili tu hawakucheka. Bi Mwanahamisi alibaki ameinama, na Hidaya alibaki anamtazama. Nywele zilipokwisha, Hidaya akajifunga mtandio mpaka shingoni, na joto lile la Muheza, akatoka bila kuaga.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na marudio ya wiki nzima. Sikudhani akawasha runinga mapema, ili apate kuiona ile sehemu aliyoikosa. Zikapita za Jumatatu mpaka Jumatano. Ikaja ya Alhamisi. Akaacha kusuka, akangoja mlango ufungwe, akangoja mtandio.

Zerrin alikuwa hospitali akimuuguza mama yake, mwanzo mpaka mwisho. Kadir alikuwa safarini Ujerumani, hata kivuli chake hakikuonekana. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda, sehemu ikaisha.

"Mwantumu," akasema Sikudhani taratibu, "mbona pale pa kukabwa wamepaondoa?"

"Hata juzi sikupaona."

"Si ulisema ulilia?"

"Wewe si ulisema umeona! Nikadhani ilipita nilipokwenda kupalia wali makaa."

Chanuo likamponyoka Sikudhani, likaanguka chini. Akaziona tena zile nywele, ule upara laini chini ya kidole chake. "Maandazi," akasema. "Waturuki wanakunywa chai na maandazi?"

Akawageukia wenzake.

"Jamani, leo si Jumamosi?"

"Hodi humu."

Mlangoni alisimama Bwana Mhina. Shati jeupe limenyooshwa, viatu vinang'aa, tabasamu lake lile lile.

"Hamjambo, shemeji zangu? Namtafuta Hidaya. Tuna safari ya shamba, gari liko tayari, naye tangu alfajiri simwoni. Hata simu kaiacha mezani."

Nyuma yake, ng'ambo ya barabara, lilikuwa limeegeshwa pikapu lake. Sikudhani aliona mpini wa jembe, na sururu, na turubai jipya lililokunjwa vizuri.

"Jana nilimuuliza mmeongea nini saluni," akaendelea Bwana Mhina. "Akaniambia Dada Sikudhani kasema mke avumilie, amfuate mumewe shamba. Nikamwambia, unaona? Hata Hakimu wenu kashasema." Akaweka mkono kifuani. "Ahsante sana, shemeji. Wanawake wa aina yako wamebaki wachache."

Sikudhani alitaka kukaa, akaogopa kwamba akikaa hatainuka.

"Sijamwona," akasema mwishowe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kutamka neno hilo mle ndani.

Bwana Mhina akavitazama viti kimoja kimoja. Akaingia, akafunua pazia la pale wanapooshea nywele, akachungulia, akalirudisha polepole.

"Akija mwambieni namsubiri. Mimi sina haraka."

Akavuka barabara, akaingia garini. Lakini gari halikuwaka. Alikaa mle ndani kioo kimeshushwa, anautazama mlango wa saluni. Hofu iliwaingia wote mle saluni, ila ya Sikudhani ilikuwa na nyingine juu yake. Kama Hidaya hayuko kwa mumewe, na simu kaiacha, yuko wapi? Mwanamke aliyeambiwa hana pa kukimbilia huenda wapi? Akakumbuka mto. Akakumbuka visima vya mashambani. Akakumbuka wale wanaomeza dawa za kunyunyizia michungwa.

Pikapu lilipoondoka, Sikudhani akamshika Mwantumu mkono. "Nimemuua mtu kwa mdomo wangu," akasema, akatoka mbio na kandambili zake.

Alikimbia kuelekea kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia, na njia nzima alikuwa akijiuliza atawaambia nini. Kwamba kuna mke wa mtu kaja kuuliza habari za Zerrin? Kwamba yeye akamhukumu mtu wa kwenye runinga? Wataita wenzao waje wacheke, kama yeye alivyocheka jana. Pumzi ikamwishia, akazidi kukimbia.

Alipofika kituoni, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa ndoo ya bagia. Ilikuwa chini ya benchi, imefunikwa kanga. Juu ya benchi alikaa Bi Mwanahamisi na sahani tupu mapajani. Na ndani, kupitia mlango uliokuwa wazi, Sikudhani akakiona kichwa alichokisuka kwa mikono yake, twende kilioni mistari minane, kimeinama mbele ya askari wa kike anayeandika.

Sikudhani akaanguka magotini pale pale, akalia kwa sauti.

"Nyamaza, mwanangu, mwenzio anatoa maelezo," akasema Bi Mwanahamisi. "Alipotoka saluni, nyie bado mnacheka, nilimfuata mpaka kwenye kona ya mtaa. Nikamuuliza tena, huyo mwanamke anakaa wapi? Akanyoosha kidole, akanionyesha nyumba yake. Nikamwambia, alfajiri nitapita kuuza bagia kama kawaida yangu. Wewe toka na sahani uje ununue, na usirudi ndani." Akaigonga ile sahani kwa ukucha. "Ndiyo hii."

Askari walikwenda shamba mchana ule ule, wakamkuta Bwana Mhina kafika kabla yao. Katikati ya michungwa palikuwa na shimo, udongo wake bado mbichi. Bwana Mhina aliwasalimu vizuri, akawaeleza kwa upole kwamba ni shimo la kupandia mgomba. Askari mmoja, mtoto wa mkulima, alilizunguka, akalipima kwa hatua.

"Mgomba husimamishwa, bwana," akasema. "Hili ni la kulaza."

Wiki ile, Bwana Mhina akiwa tayari mahabusu, Sikudhani alimwendea Hidaya kuomba radhi. Alijiandaa kwa maneno mengi, yote yakampotea. Hidaya ndiye aliyesema.

"Usilie, dada. Nilikuuliza wewe kwa kuwa wewe ndiye unayesikilizwa. Nilijua ukisema akimbie, wote watasema akimbie, nami nitapata nguvu ya kusema kwamba ni mimi." Akaushika mtandio wake. "Ulipofunga kesi, nilitoka pale nikienda kufua nguo za safari."

Mpaka leo tamthilia zinaonyeshwa pale saluni na watu wanabishana. Ila mtu akiuliza, "Hakimu, wewe unaonaje?" Sikudhani hupunguza sauti ya runinga, akaja mbele ya kiti, akamtazama anayeuliza usoni, akasema, "Mimi hiyo sijaiona. Hebu nieleze." Naye Bi Mwanahamisi bado anamwitikia msoma habari, na hakuna anayecheka.

Funzo: Mtu akikuletea swali la mtu wa mbali, mtazame yeye usoni kabla hujajibu, huenda mwenye shida amekaa mbele yako. Na usiloliona, sema hujaliona, maana hukumu ya kutafuta sifa yaweza kumzika mtu mzima.